Dereva wa Bauza na Asante za Watu

Kila usajili wa jeshi ukikaribia, nyinyi vijana wa Nyansiongo mnanijia na jasho la mazoezi, mnakaa kwenye nyasi zangu bila kuulizwa, na swali ni lile lile. "Sajenti Moraa, tufanye nini tuchukuliwe?" Nimewajibu mara nyingi: kimbieni, pigeni mswaki asubuhi, na msimwambie daktari kwamba mna kikohozi. Hayo mengine yako juu ya Mungu. Baada ya hapo mnaniuliza kuhusu bunduki, nami nawaona mnavyovunjika moyo nikiwaambia kwamba kazi yangu jeshini ilikuwa kuendesha bauza, lori la tangi la maji.

Mvulana mmoja aliwahi kuniuliza, "Shosh, uliua wangapi?"

Kwanza mimi si shosh yako wala si nyanya yako. Pili, niliua injini mbili, na zote zilistahili.

Leo sitawaambia habari za bunduki. Nitawaambia jambo ambalo hakuna mkufunzi atakayewafundisha uwanjani, nalo ni namna ya kushukuriwa. Mnadhani ni rahisi? Ngojeni mrudi nyumbani.

Lakini tuanze na maji, kwa sababu mtu asiyejua maji hawezi kunielewa. Mnajua kwamba gari lililojaa maji mpaka juu ni zuri kuliko lenye nusu? Lililojaa linatulia. Lenye nusu lina kiumbe ndani. Ukikata kona, maji yanakwenda upande wa pili na kukusukuma. Ukikanyaga breki, wewe umesimama lakini maji bado yanasafiri. Sajenti wangu wa kwanza, Mkamba mmoja mfupi mwenye sauti ya ng'ombe aliyepotea, aliniuliza siku ya kwanza, "Wewe umetoka Kisii. Uliwahi kuchota maji mtoni?" Nikamwambia nimechota tangu nijue kutembea. "Ndoo isimwagike mlifanyaje?" Nikasema tulitia majani ya mgomba juu. Akapiga bodi ya bauza kwa kiganja. "Humu ndani kuna kuta za chuma zenye matundu. Ndiyo majani yako ya mgomba. Lakini majani hayatoshi ikiwa msichana ana wazimu. Endesha taratibu."

Niliendesha taratibu kwa muda mrefu, isipokuwa wiki yangu ya kwanza Somalia. Nilishuka kiteremko kidogo cha mchanga, nikaona ngamia, nikakanyaga breki kama mtu wa mjini. Gari likasimama, maji yakasema hapana, na sote pamoja tukaangusha choo cha maafisa. Bahati nzuri hakikuwa na mtu. Sawa, kilikuwa na mtu, lakini alitoka mapema. Kwa hiyo mtu akinishika mkono na kuniambia "asante kwa kulinda nchi," kitu cha kwanza kinachonijia kichwani ni meja mmoja akikimbia ameshika suruali.

Mnaona shida yangu.

Baada ya kustaafu, siku moja niliingia benki Kisii nikiwa nimevaa kofia yangu ya jeshi. Kijana wa tai, mwenye uso laini, akasimama, akaweka mkono kifuani na kunishukuru kwa Kiingereza, maneno yale ya sinema za Wamarekani, yote kama yalivyo. Sikujua jibu lake ni lipi. Katika sinema sikumbuki yule askari hujibu nini. Nikasema "Karibu." Nikaona haikutosha, nikaongeza "Amina." Kijana naye akasema amina, tukabaki tukitazamana kama watu walioombea chakula na chakula hakuna.

Na kuna wale wa upande mwingine. Muuza duka mmoja hapa sokoni, ambaye sitamtaja kwa sababu bado ananikopesha sukari, aliniambia, "Asante, ndiyo, lakini wewe si ulikuwa unabeba maji tu?" Nikamuuliza kama amewahi kukaa siku nzima bila maji mahali ambapo hata kivuli kina joto. Akasema hajawahi. Nikamwambia basi anipimie sukari.

Mimi mwenyewe sikuwa na hakika ninataka nini. Watu wasiposhukuru nilisonya. Wakishukuru nilitaka kutoroka. Nilikuwa nimefanya kazi na mwisho wa mwezi nikalipwa, na niliipenda kazi yenyewe. Nilikuwa katika hali hiyo wakati Mzee Onchiri, mzee wetu wa kanisa, alipopata wazo.

Mzee Onchiri akipata wazo, washiriki wote hutafuta pa kujificha. Safari hii alitangaza kwamba kutakuwa na Sabato ya kuwashukuru wanajeshi. Kwaya ikafanya mazoezi. Akina mama wakanunua mablanketi, yale mazito ya maua makubwa. Akanijia nyumbani kuniambia nivae vizuri. Mume wangu, Mwalimu Ondieki, alikuwa zizini akikamua, na akasikia kila kitu.

Lazima niwaambie kuhusu Mwalimu. Ni mrefu, mgongo wake umenyooka, ana masharubu. Mimi ni mfupi na mnene kidogo. Siku yenyewe nilikaa naye benchi la mbele, mimi na gauni langu la bluu, yeye na koti lake la kaki. Mzee Onchiri alikuwa amealika mgeni wa heshima kutoka mjini, bwana mmoja mkubwa wa biashara, ili atoe mablanketi. Akatangaza, "Sajenti wetu mstaafu wa hapa Nyansiongo, tafadhali simama!" Kabla sijakusanya gauni langu, mgeni wa heshima akashuka jukwaani mikono imenyooshwa, akampita huyu mfupi wa bluu, akamvika Mwalimu blanketi.

Mzee Onchiri akafunga macho kama anaomba.

Mwalimu angeweza kumsahihisha. Badala yake alisimama, akalirekebisha blanketi mabegani, akampigia mgeni saluti kwa mkono wa kushoto. Kisha akakaa.

Nikamnong'oneza, "Baba Kemunto, unafanya nini?"

Akanijibu bila kugeuza kichwa, "Ulipokuwa huko, nani alikaa na watoto? Nani aliamka alfajiri kukamua halafu akaenda kufundisha darasa la nne akinuka maziwa? Kemunto alipougua malaria, nani alimbeba mgongoni mpaka zahanati? Kuna mtu aliyenishukuru? Hii asante ni yangu. Ngoja yako."

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Nilicheka mpaka benchi likatikisika. Mzee Onchiri aliharakisha kuleta blanketi la pili, nikavikwa na mimi, tukakaa pale kama watu wawili wagonjwa wa baridi. Na niwaambie ukweli, mpaka leo naona lile la kwanza lilikwenda mahali pake. Nyinyi mkishukuru askari, tazameni na aliyeketi kando yake.

Ingekuwa ni hilo tu, tungeenda kula na kusahau. Lakini Mzee Onchiri alikuwa amemwalika mtu mwingine. Kutoka Magwagwa aliletwa omong'ina mmoja, Kwamboka, mama mzee mwembamba aliyevaa kitambaa cheupe kichwani. Huyu alikuwa mama yake Koplo Makori.

Makori alikuwa mtu wangu wa mpira. Kwenye bauza mko wawili. Mmoja anaendesha, mwingine anashika mpira wa maji, anafungua koki, anapanda juu kukagua tangi. Tulifanya kazi hiyo pamoja muda mrefu. Siku moja bauza letu lilikuwa karakana, mpira wa rejeta umepasuka. Mimi nikabaki na fundi, Makori akapelekwa kusaidia msafara mwingine. Gari alilopanda lilikanyaga bomu lililozikwa barabarani. Ni hivyo tu. Sina namna nyingine ya kuisema. Alizikwa Magwagwa nikiwa bado huko. Nilipopata likizo nilimwona mama yake mara moja, nikampa mkono, nikasema pole, nikaondoka.

Sasa Mzee Onchiri akamsimamisha mbele. Akasema kwa sauti yake ya mikutano, "Mama, kanisa hili linakushukuru kwa kumtoa mwanao kwa ajili ya taifa. Washiriki, tumwambie mama asante!" Na kanisa zima likaitikia kwa Ekegusii, "Mbuya mono!"

Nyinyi mnajua neno hilo. Kwetu mtu akikuuliza hali unajibu mbuya mono, nzuri sana. Ukitaka kushukuru unasema hilo hilo. Siku zote hatulioni kuwa na kasoro, mpaka siku ile.

Omong'ina Kwamboka akaomba kipaza sauti. Alisema polepole, kwa lugha yetu.

"Mbuya? Nini kizuri hapo?"

Akawageukia washiriki.

"Mnasema nilimtoa. Mimi sikumtoa mtu. Makori aliondoka kwangu na mfuko wa ndizi mbivu, akaniambia atarudi tupige lipu jikoni. Mtu akitoa kitu chake, huulizwa kwanza. Nani aliniuliza?" Akamtazama Mzee Onchiri, na Mzee akatazama viatu vyake. "Walikuja wakubwa na bendera. Walipiga saluti vizuri, sina neno nao. Mmoja akasoma kwamba mwanangu alikuwa shupavu, mwenye nidhamu na mtiifu. Mtiifu? Makori? Nikadhani wamekosea boma."

Mtu mmoja nyuma akacheka kisha akajizuia.

"Mnanishukuru kwa ajili ya mtu ambaye hamkumjua. Sasa mimi nauliza. Kuna yeyote hapa aliyekula naye? Alikuwa anakula vizuri? Alikuwa bado mkorofi, au mlinibadilishia mtoto huko?"

Nilijikuta nimesimama. Blanketi likaanguka, Mwalimu akaliokota. Nilikwenda mbele bila kujua nitasema nini. Nikasimama mbele ya mama huyu, na badala ya maneno ya maana, kinywani mwangu kikatoka kisa cha chai.

Nikamwambia, "Mama, mimi ndiye niliyeendesha gari la Makori. Alikuwa anakula kitunguu kibichi kama tunda. Na mkorofi alikuwa."

Akasema, "Endelea."

"Kulikuwa na joto siku moja, joto la kukausha mate. Nikaenda kulala chini ya gari. Makori akapanda juu kukagua tangi, sikumwona kushuka. Baadaye nikasikia sauti ndani ya bauza, kama kiboko. Nikapanda, nikachungulia kwenye mfuniko. Alikuwa ndani, uchi kama alivyozaliwa, anaoga."

Mzee Onchiri akasogea. "Dada Moraa, tuko hekaluni."

"Mwache amalize," akasema omong'ina.

"Kwa sabuni, Mama. Nikamwambia, wewe Makori, hayo ni maji ya chai ya maafisa! Akaniambia, kwani mimi ni mchafu? Kabla hatujafikiri la kufanya, mpishi akaja na sufuria, akafungua koki, akachota, akaenda. Tukakaa tukingoja kufungwa. Jioni tukaitwa. Kapteni ameshika kikombe, kikombe kina povu mpaka juu. Akauliza, hili povu ni la nini? Makori akapiga saluti akasema, afande, ni maziwa ya ngamia."

Hapo nilimwona omong'ina midomo ikianza kutetemeka, nikaogopa. Sikujua ni kilio au ni nini. Lakini nilikuwa nimeshafika mbali, ningesimamaje? Gari lilikuwa limejaa nusu.

"Kapteni akaonja. Akafikiri. Akaonja tena. Akasema, ni mazuri haya kwa afya. Kuanzia kesho nataka chai yangu iwe hivi."

Omong'ina Kwamboka alicheka. Alianza taratibu, mabega tu, kisha sauti ikatoka, akashika ukingo wa mimbari ili asianguke. Kanisa lililokuwa limebana pumzi likaachia lote pamoja. Kwaya ilicheka, watoto wakacheka kwa kuwa wakubwa wanacheka, yule mgeni wa heshima akajifuta macho kwa tai yake. Mzee Onchiri peke yake ndiye aliyeng'ang'ana na uso wake, naye hakufika mbali.

Mama akavuta kitambaa chake kikashuka hadi kwenye macho. Akakaa nacho hivyo kidogo. Alipokiinua akasema kwenye kipaza sauti, "Mimi aliniambia ng'ombe ndiye aliyemaliza sukari. Naye mwenyewe alikuwa na sukari kwenye kidevu." Kisha akanigeukia mimi. "Huyo sasa ndiye Makori. Yule wa kwenye hotuba simjui."

Mimi na Mwalimu ndio tuliomrudisha Magwagwa jioni, na pikapu yetu ya maziwa. Alibeba blanketi alilopewa na kanisa, hakulikataa, alisema baridi haina kosa. Tulipofika alinishika mkono dirishani. "Usiniletee asante. Ukija, njoo na kisa kingine."

Basi nikaanza kwenda. Siku nyingi za Jumapili mkiniona nimepanda gari la kwenda upande ule, ninakokwenda ni huko. Nikifika ananipa kikapu cha kuchumia chai, kwa sababu hapendi mtu akae tu akiongea, na tunachuma nikimsimulia. Jinsi Makori alivyoogopa ngamia kuliko risasi. Jinsi alivyomfundisha mpishi wa Kipokomo matusi ya Ekegusii akimwambia ni salamu, na mpishi akaenda kumsalimia kasisi wetu, ambaye alikuwa Mkisii.

Tatizo ni kwamba visa huisha. Jumapili moja nilikuwa sina, nikatunga. Nikasema kuna siku Makori aliamka kabla ya wote akaosha bauza lote mpaka likang'aa. Omong'ina hakuacha kuchuma. "Huyo si yeye," akasema. "Makori hangeamka. Usinitungie, mtoto wangu. Kama huna, sema huna."

Nilipofika nyumbani nikatafuta namba ya Wafula, dereva mwenzetu, yuko Kitale siku hizi, analima mahindi. Hatukuwa tumeongea kwa miaka. Wafula alikuwa kwenye msafara ule wa mwisho wa Makori, gari la nyuma. Nikamwambia, ndugu yangu, naomba visa vya Makori, vya kweli, mama yake anavitaka.

"Moraa," akasema, "tangu nirudi, watu wamenipa asante mpaka nikachoka. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari."

Akaanza kuongea. Aliongea mpaka simu yangu ikawa moto sikioni, nikaihamishia sikio la pili. Alicheka, alinyamaza, akaendelea. Alinieleza ya mwanzo na akanieleza ya asubuhi ile. Mwishoni ni yeye aliyeniambia asante, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikutafuta jibu. Nilimwambia nitampigia tena, na nimempigia.

Kwa hiyo nyinyi mnaokimbia hapa barabarani, mtachukuliwa au mtaachwa, hilo silijui. Mkichukuliwa, endesheni taratibu mkiwa na nusu tangi. Mkiachwa, na mkakutana na mmoja wetu sokoni, asante ni sawa, hatuikatai, hata ile ya sinema. Lakini mvutieni kiti, mumuulize alikuwa akila nini huko, na nani alikuwa akimchekesha. Mkiuliza hivyo mjue mmekaa hapo hadi jioni.

Jumapili iliyopita nilikwenda Magwagwa na kile kisa cha asubuhi ile. Nilikuwa nimekibeba njiani kote nikijiuliza kama nikitoe. Tulipofika katikati ya shamba nikamwambia omong'ina kwamba Wafula alimwona Makori kabla hawajaondoka. Alikuwa amekaa juu ya gurudumu la akiba, anakula kitunguu, anaimba wimbo wa kanisani, na watu wote walikuwa wakimpigia kelele anyamaze.

Mikono yake ikasimama juu ya majani.

"Wimbo gani?"

"Wafula hakumbuki, Mama. Alisema tu kwamba aliuimba vibaya mno, hata kuutambua haikuwezekana."

Alitazama bonde kwa muda. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka mtoni.

"Basi ni yeye," akasema, na mikono yake ikarudi kwenye chai. Baada ya mistari miwili hivi akachungulia kikapuni mwangu. "Na wewe acha kuchuma majani makubwa namna hiyo. Kiwandani watadhani tumewaletea sukuma wiki."